Sikio la Ndani na Msawazo wa Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wafugaji, wanafunzi wa baiolojia na watu wanaoishi na mbwa au paka nyumbani. Unaweza kuyasoma kwa mfuatano au kurukia lile lililokuleta. Kama mnyama wako anayumba sasa hivi, anza na sehemu ya "Mambo yanapoharibika", kisha urudi huku juu akishatulia.

## Mambo ya msingi

Sikio ni la kusikia. Linahusianaje na mnyama kutoanguka?

Sikio la ndani ni vyombo viwili vilivyoshikana. Kimoja ni koklea, kilichojiviringisha kama gamba la konokono, na hicho ndicho cha kusikia. Cha pili huitwa vestibuli. Hiki hakishughuliki na sauti. Kazi yake ni kupima kichwa kinavyogeuka, kinavyoinama na kinavyosukumwa mbele au nyuma, na kuupelekea ubongo habari hizo bila kupumzika, usiku na mchana.

Vyombo hivi viwili ni majirani wa karibu. Umajimaji wao umeunganika, na nyuzi zao za neva huingia kwenye ubongo zikiwa zimefungwa pamoja, katika neva ya 8 ya kichwa. Ndiyo maana ugonjwa ulioanzia upande wa kusikia mara nyingi huishia kumyumbisha mnyama. Kati ya viwili hivi, kile cha msawazo ndicho cha kale zaidi: samaki walikuwa nacho muda mrefu kabla koklea ya mamalia haijatokea duniani.

Kiko wapi hasa? Naweza kukiona?

Kwa mbwa, mbuzi au binadamu, huwezi. Kimezikwa ndani ya fuvu, katika mojawapo ya mifupa migumu kabisa mwilini, na hata daktari akichungulia sikioni kwa tochi yake anaishia kwenye ngoma ya sikio. Ni chombo kidogo pia. Mifereji ya msawazo ya binadamu mzima ina upana wa milimita 6 au 7 hivi, kila mmoja ungekaa juu ya punje moja ya hindi. Kwa samaki mambo ni tofauti, na sehemu mojawapo unaweza kuishika kwa mkono jikoni kwako (tazama swali la vijiwe vya kichwa cha samaki).

Mifereji nusu duara inafanyaje kazi?

Chukua ndoo ya maji, weka jani dogo lielee juu, subiri maji yatulie. Sasa izungushe ndoo ghafla. Ndoo imegeuka, lakini jani limebaki lilipokuwa, kwa sababu maji yamechelewa kuifuata ndoo. Mfereji nusu duara unafanya kazi kwa kuchelewa huko huko. Ni kibomba kilichopinda kama bangili, kimejaa umajimaji, na kimeshikamana na fuvu. Kichwa kikigeuka, kibomba kinageuka nacho, umajimaji unabaki nyuma.

Mahali pamoja katika kila kibomba pamevimba, na ndani ya uvimbe huo limesimama pazia la ute liitwalo kupula, limeziba njia kutoka ukuta hadi ukuta. Umajimaji uliochelewa hulisukuma pazia hilo likapinda. Chini yake zimepandwa seli zenye vinywele, na vinywele hivyo vimezama katika pazia. Vikilala upande mmoja, seli huongeza ishara zake kwa neva. Vikilala upande wa pili, huzipunguza.

Shika neno hilo, huzipunguza. Hata mnyama akiwa amelala kimya, neva za pande zote mbili za kichwa zinaendelea kutuma ishara, na ubongo hulinganisha kushoto na kulia. Zikiwa sawa, maana yake kichwa kimetulia. Upande mmoja ukizidi, maana yake kichwa kinageukia upande huo. Karibu kila kitu tutakachosema kuhusu magonjwa kinatokana na mlinganisho huu.

Kwa nini mifereji iwe mitatu kila upande?

Kwa sababu kichwa kina njia tatu za kugeuka: kama kinachoitikia "ndiyo", kama kinachokataa, na kama kinacholaza sikio begani. Mifereji mitatu imekaa karibu pembe mraba kati yao, kila mmoja na mwelekeo wake, na kila mmoja ana mwenzake upande wa pili wa kichwa. Hufanya kazi kama watu wawili wanaopasua gogo kwa msumeno mrefu: huyu akivuta, yule analegeza. Samaki wachache wa kale wasio na taya ndio pekee wenye uti wa mgongo wanaoishi na mifereji pungufu ya mitatu.

Na mnyama anajuaje chini ni wapi akiwa hageuki hata kidogo?

Hapo mifereji haina msaada. Kazi hiyo ni ya vifuko viwili, utrikuli na sakuli. Sakafuni mwa kila kimoja kuna seli zenye vinywele, juu yake ute mzito, na juu ya ute zimetawanyika chembe ndogo mno za kalisi kaboneti, madini yale yale ya ganda la yai. Fikiria chumvi iliyonyunyizwa juu ya ute wa bamia. Chembe hizi ni nzito kuliko umajimaji unaozizunguka. Mbuzi akiinamisha kichwa kula majani, zinateleza kidogo kufuata mvutano wa dunia, zinauvuta ute, na vinywele vinapinda.

Vijiwe hivi pia hupima mwendo wa moja kwa moja. Daladala ikifunga breki, vyenyewe vinataka kuendelea na safari. Shida ni kwamba kwa vijiwe peke yake, kusukumwa mbele na kuinamishwa kichwa huonekana sawa. Ubongo hutegua fumbo hilo kwa kuuliza mifereji ("je, kichwa kimegeuka?") na kuyauliza macho.

Kwa nini mtu au mnyama akizunguka sana kisha akasimama, anahisi bado anazunguka?

Rudi kwenye ndoo. Ukiizungusha kwa muda, maji hatimaye yanaifuata. Isimamishe ghafla uone: ndoo imetulia, maji yanaendelea. Ndivyo inavyokuwa ndani ya mfereji. Pazia linasukumwa upande wa kinyume, na ubongo unaambiwa mwili unazunguka ilhali umesimama. Mbwa aliyejizungusha akiukimbiza mkia wake hupata hali hiyo hiyo, na ukimtazama machoni mara tu anaposimama utaona mboni zikikimbia upande mmoja na kurudi.

## Sikio, macho na miguu

Nikimshika kuku na kumzungusha, kichwa chake hakisogei. Kwa nini?

Hili ni jaribio bora kuliko yote, na kila mwenye kuku anaweza kulifanya leo. Mshike kuku mtulivu kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa, umwinue usawa wa kifua chako. Msogeze taratibu kulia, kushoto, juu, chini. Kiwiliwili kinakwenda na mikono yako, shingo inarefuka na kufupika, lakini kichwa kimebaki hewani pale pale kama kilichotundikwa kwa uzi. Mimi nimelifanya mara nyingi mbele ya watoto na bado halijanichosha.

Sababu ni kwamba ndege hawawezi kuzungusha macho yao ndani ya fuvu kama sisi. Ili picha ya dunia isichezecheze, lazima kichwa chote kitulie. Sikio la ndani linapohisi kichwa kimeanza kusogea, linaamrisha misuli ya shingo irudishe pale pale, na macho yanasaidia kusahihisha. Mdiria anayepepea juu ya maji ya Ziwa Victoria akivizia dagaa hufanya vivyo hivyo: mabawa yanapigapiga, mwili unayumbishwa na upepo, kichwa hakitikisiki.

Sisi tunafanya jambo hilo hilo kwa macho. Soma mstari huu huku ukitikisa kichwa kushoto na kulia, unasomeka. Sasa tuliza kichwa, utikise simu kwa kasi ile ile, maandishi yanavurugika. Kichwa kinapogeuka, sikio huyageuza macho upande wa kinyume kwa takribani sekunde 0.01, kasi ambayo macho kwa kutazama tu hayawezi kuifikia.

Mnyama kipofu anaweza kulinda msawazo? Na kiziwi je?

Kipofu anaweza, na mara nyingi vizuri sana. Msawazo husimama juu ya mafiga matatu: sikio la ndani, macho, na hisia za misuli na viungo vinavyogusa ardhi. Figa moja likiondoka, mawili yanayobaki hubeba chungu kwa tabu kidogo. Mbwa aliyepoteza vestibuli za pande zote mbili hutembea mchana akiwa amepanua miguu. Giza likiingia, au akiogelea, ndipo anapopotea kabisa.

Kwa kiziwi inategemea kilichoharibika. Kama ni koklea tu, msawazo hauguswi. Kama ni sikio lote la ndani, mambo ni mengine: mwanasaikolojia wa Marekani William James alionyesha mwaka 1882 kwamba viziwi wengi hawahisi kizunguzungu hata wakizungushwa.

Paka huangukaje kwa miguu kila mara?

Si kila mara, lakini mara nyingi. Paka akiachiwa mgongo ukiwa chini, vijiwe na mifereji vinamwambia papo hapo chini ni wapi. Anageuza kichwa kwanza, kifua na miguu ya mbele vinafuata, kisha nusu ya nyuma. Kiuno chake laini kinamruhusu kuzungusha nusu moja huku nyingine ikizunguka kinyume, kwa hiyo hahitaji kitu cha kujisukumia. Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga picha za mfululizo za kitendo hiki mwaka 1894, na wanafizikia wa wakati wake walipata shida kuamini walichokiona.

Watoto wa paka huanza kuweza wakiwa na wiki 3 au 4, na hukamilika karibu wiki ya 7. Tafadhali usimjaribu wa kwako. Kuanguka kutoka ghorofani huvunja taya na miguu hata kwa paka aliyejigeuza vizuri.

## Kila mnyama na sikio lake

Duma akikimbia, macho yake hayatoki kwa swala. Je, sikio lake ni tofauti?

Ndiyo, na hili lilipimwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha picha za eksirei za mafuvu ya paka wa aina nyingi, wakakuta kwamba vestibuli ya duma inachukua sehemu kubwa ya sikio la ndani kuliko kwa paka wengine, na mifereji yake miwili iliyosimama wima ni mirefu zaidi. Mfereji mrefu huhisi migeuko midogo kwa wepesi zaidi. Duma wa kale aliyekwisha toweka, mkubwa kuliko wa leo, hakuwa nayo mifereji hiyo, kwa hiyo inaonekana ni jambo lililokuja baadaye, pamoja na kasi.

Duma wa porini waliofungwa vifaa nchini Botswana walifikia kilomita 93 kwa saa. Mtazame Serengeti akiwa katika kasi hiyo: mgongo unapinda na kunyooka kama upinde, mabega yanapanda na kushuka, mkia unatupwa huku na huku. Kichwa kinateleza juu ya nyasi katika mstari mmoja. Watu husifu miguu ya duma. Mimi naona miguu ile isingekuwa na faida bila sikio, kwa sababu mnyama ambaye picha ya windo lake inarukaruka hawezi kulifuata linapokata kona.

Basi nyangumi na pomboo, wanaopinduka majini, wana mifereji mikubwa kupita wote?

Kinyume chake. Pomboo ana mifereji midogo kuliko ya binadamu, ingawa mwili wake ni mkubwa kuliko wetu. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba shingo ya jamii hii ni fupi na ngumu, kwa hiyo kichwa hakiwezi kujituliza chenyewe mwili unapopinduka. Mifereji mikubwa ingewazidishia habari. Midogo, isiyo nyepesi kuhisi, inawaruhusu kubingirika bila kulewa.

Vile vijiwe vyeupe ninavyokuta kwenye kichwa cha samaki ni nini?

Ni vijiwe vya sikio. Samaki hana chembe zilizotawanyika kama zetu. Ana vijiwe vizima, jozi tatu, na jozi moja huwa kubwa. Ukila kichwa cha changu au sangara kilichochemshwa vizuri, lifungue fuvu kwa nyuma, chini ya ubongo, uchokoe taratibu kwa ncha ya kisu. Vitatoka viwili vinavyofanana, kimoja cha kulia kimoja cha kushoto, vyeupe kama kaure, vyenye kingo zilizochongeka na mfereji mdogo katikati. Vioshe, uviweke kiganjani. Umeshika mizani ya samaki yule.

Vijiwe hivi hukua maisha yote kwa kuongeza tabaka, kama pete za mti. Wataalamu wa uvuvi hukikata kijiwe, hukisugua mpaka kiwe chembamba, kisha huhesabu pete chini ya hadubini kujua umri wa samaki. Kwa samaki wachanga hata pete za siku kwa siku huonekana.

Gayogayo ana habari ya peke yake. Huzaliwa akiogelea wima kama samaki wengine, kisha jicho moja huhamia upande wa pili wa kichwa na samaki analala ubavu mchangani maisha yote. Masikio yake ya ndani hayahami. Kwa hiyo ubongo hulazimika kupanga upya jinsi ishara za sikio zinavyoyaendesha macho, maana "juu" ya sikio si tena "juu" ya macho.

Kamba, kaa na pweza hawana masikio. Wanajuaje chini ni wapi?

Wana kifuko kiitwacho statosisti: mfuko wenye vinywele ndani na kijiwe au mchanga juu yake. Ni wazo lile lile la vijiwe vyetu, limebuniwa na maumbile kwa njia nyingine. Kwa kamba, kifuko hiki kiko kwenye mashina ya papasi ndogo za mbele, na kina tundu. Kila anapojivua gamba, mchanga wa zamani hutoka na gamba, na inambidi aingize mwingine.

Mwaka 1893 Alois Kreidl wa Vienna aliliona hilo, akawaweka kamba waliokaribia kujivua ndani ya chombo kisicho na mchanga, chenye unga wa chuma tu. Kamba wakajivua, wakajaza chuma. Kisha akasogeza sumaku juu yao. Kamba wakapinduka, tumbo juu, kwa sababu kwao sasa "chini" ilikuwa kule sumaku iliko. Katika majaribio yote ya somo hili, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Halihitaji mashine wala hesabu ngumu, na ukishalisikia huwezi tena kutilia shaka kazi ya kijiwe.

Pweza na ngisi wana statosisti zilizoendelea zaidi, zenye sehemu inayohisi kuzunguka pia.

Wadudu je?

Hawana sikio la ndani. Nzi na mbu wana vijiti viwili vyenye kirungu, vilivyokuwa mabawa ya nyuma zamani. Hupigapiga pamoja na mabawa, na mwili ukigeuka, vijiti huhisi mkunjo huo kwenye mashina yake. Ukivikata, nzi hawezi kuruka sawasawa.

Kuna mnyama ambaye sikio lake halitoshi?

Yuko. Katika misitu ya pwani ya Brazili kuna vyura wa jenasi Brachycephalus, wengine hawafiki sentimita 2. Huruka vizuri, kisha hewani wanapoteza mwelekeo kabisa na kutua kwa mgongo au ubavu. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba mifereji yao ni midogo kuliko yote iliyowahi kupimwa kwa mnyama mzima mwenye uti wa mgongo. Kibomba kikiwa chembamba mno, umajimaji hushikwa na kuta na hauchelewi vya kutosha kupinda pazia. Ndoo imekuwa nyembamba kama sindano, na jani linazunguka nayo.

## Nani aligundua haya?

Watu walijuaje kwamba msawazo uko sikioni?

Kwa karne nyingi hawakujua. Mifereji ilidhaniwa husaidia kutambua sauti inatoka wapi. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Pierre Flourens aliikata mifereji ya njiwa. Njiwa walisikia kama kawaida, lakini vichwa vyao vikayumba bila kukoma, kila mmoja kwa mwelekeo wa mfereji uliokatwa. Yalikuwa majaribio ya kikatili, na ni haki kulitaja hilo. Mwaka 1861 Prosper Ménière wa Paris alionyesha kwamba kizunguzungu cha baadhi ya wagonjwa kilitoka sikioni wakati madaktari wengine walikihesabu kuwa ugonjwa wa ubongo.

Robert Bárány wa Vienna aligundua jambo lake akisafisha masikio ya wagonjwa. Maji yakiwa baridi walilalamika kizunguzungu na macho yakakimbia upande mmoja; yakiwa ya moto, macho yalikimbia upande wa pili; yakiwa vuguvugu la mwili, hakuna kitu. Baridi na joto huutembeza umajimaji ndani ya mfereji. Kipimo hicho bado kinatumika. Alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1914 akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Faida yake kwako ni hii: ukimwosha mbwa, usimimine maji baridi sikioni.

## Mambo yanapoharibika

Mbwa wangu mzee ameamka kichwa kimelala upande, anaanguka, macho yanakimbia. Ndiyo mwisho wake?

Mara nyingi sana si mwisho. Kuna ugonjwa wa ghafla wa vestibuli unaowapata mbwa wazee bila sababu kuonekana. Upande mmoja wa sikio umenyamaza au umepungua nguvu. Kumbuka ule mlinganisho wa kushoto na kulia: upande mzima unaendelea kutuma ishara, ubongo unasoma tofauti hiyo kama mzunguko mkali usiokoma. Ndiyo sababu mbwa anaanguka, anatapika, anakataa kula. Kichwa kwa kawaida hulalia upande ulioumia.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana uambukizo wa sikio unaweza kuleta dalili hizo hizo na unahitaji dawa. Kama ni ule wa uzee, wengi huanza kupata nafuu ndani ya siku 3 na hutembea vizuri ndani ya wiki 2 au 3, ingawa kichwa kinaweza kubaki kimeinama kidogo. Sikio huenda halijapona. Ubongo ndio umejifunza mlinganisho mpya. Kwa siku hizo mlaze mahali tambarare pasipo ngazi, mnyweshe maji kwa mkono, usimbebebebe hovyo, na mwachie taa usiku ili macho yamsaidie.

Mtaani kwetu mbwa wa jirani alipatwa na hali hii na watu wakawa wameshaokota magongo, wakisema amerogwa. Aliishi mwaka mzima zaidi, shingo imepinda kidogo, akilinda geti lile lile.

Nitajuaje kwamba si kichaa cha mbwa?

Kwa macho peke yake huwezi kuwa na uhakika, na katika nchi zetu kichaa cha mbwa kipo. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa mate mengi, asiyeweza kumeza, anayeuma hovyo, au ambaye hajachanjwa na aliumwa na mbwa mwingine, asiguswe mdomoni. Mfungie mahali salama, piga simu kwa afisa mifugo. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Hapa hakuna kusubiri siku 3.

Kuku wangu anapinda shingo na kurudi kinyumenyume. Ni sikio?

Kwa kawaida hapana. Mshukiwa wa kwanza ni mdondo, wengine huuita kideri, ambao hushambulia ubongo na neva. Ukiona wengine wanakufa, wanahara kijani au wanahema kwa shida, mjulishe bwana mifugo. Hauna tiba, kuna chanjo ya tone la jicho, ambayo kwa kuku wa kienyeji hurudiwa kila miezi 3 hivi. Upungufu wa vitamini pia hupinda shingo, na huo hutibika.

Mbuzi anazunguka mahali pamoja kama aliyefungwa kwenye kigingi. Je?

Hapo pia sikio mara nyingi halina kosa. Mbuzi na kondoo hupata malengelenge ya minyoo ndani ya ubongo, yatokanayo na mayai ya tegu wa mbwa. Wafugaji wa Kimasai huijua hali ya mnyama kuzunguka kwa jina la ormilo. Kinga iko jikoni: usimtupie mbwa kichwa kibichi cha mbuzi au kondoo, na mpe mbwa dawa ya minyoo. Sikio nalo likiambukizwa huinamisha kichwa na kulegeza upande mmoja wa uso, kwa hiyo likague, hasa kama kuna usaha au kupe.

Kuna dawa zinazoharibu msawazo?

Zipo. Streptomaisini na jentamaisini, zinazotumika sana kwa mifugo na kwa watu, zinaweza kuua seli zenye vinywele zikitolewa kwa kipimo kikubwa au kwa muda mrefu, na paka ni wepesi kudhurika. Pima uzito wa mnyama, fuata siku ulizoelekezwa. Matone ya sikio nayo yasitumike kabla ngoma ya sikio haijakaguliwa, maana ikiwa imetoboka, dawa inapita moja kwa moja. Na mafuta ya taa yasiingie sikioni mwa mnyama yeyote kwa sababu yoyote, hata kama kupe wamejaa.

Seli zikifa, huota tena?

Kwa samaki, vyura na ndege, ndiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walionyesha kwamba kuku aliyepoteza seli zenye vinywele huziotesha upya. Kwa mamalia uwezo huo ni mdogo mno, hautoshi kurudisha kazi iliyopotea. Nafuu ya mbwa tuliyemtaja juu hutoka kwenye ubongo.

## Maswali ya pembeni

Wanyama hutapika safarini kama watu?

Mbwa ndiyo, hasa watoto. Sikio linasema mwili unasogea, macho ndani ya gari yanasema umetulia, na mgongano huo unaishia tumboni. Mbwa walioondolewa vestibuli hawatapiki hata wakibembezwa kwa saa nyingi. Panya na farasi hawawezi kutapika kabisa. Kirukanjia anatapika akitikiswa, na kwa sababu hiyo aina mojawapo ya virukanjia, inayopatikana hata pwani yetu, imetumika sana kuutafiti ugonjwa huu.

Ndege ana kiungo cha pili cha msawazo mgongoni. Ni kweli?

Ndani ya uti wa mgongo wa ndege, usawa wa nyonga, kuna vijifereji vyenye umajimaji na neva zinazofanana na chombo cha kuhisi. Wazo ni kwamba hiki huongoza miguu anapotembea au kulala juu ya tawi, na sikio huongoza kuruka. Lina wanaoliunga mkono kwa nguvu, na mjadala haujafungwa.

Pasipo na mvutano, vijiwe vinafanya nini?

Mwaka 1973 samaki wadogo walipelekwa kwenye kituo cha anga cha Skylab. Siku za kwanza waliogelea kwa kuzunguka duara, kama wanaotafuta chini isiyokuwepo. Baada ya wiki chache walitulia, wakaanza kuogelea migongo ikielekea kwenye taa. Waliototolewa huko huko angani waliogelea vizuri tangu mwanzo.